Mtoto Asiyesumbua

Mdogo wangu Kifungo,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kikohozi cha vumbi la mbao kimepungua, na kile kitambaa cha puani nilichokushonea unakivaa kazini. Kama hukivai, usiniambie, nitakasirika bure na mkono wangu haufiki huko. Sisi huku hatujambo, kwa kadiri watu walioumia wanavyoweza kusema hawajambo. Mama anakula, ingawa kidogo. Mkeo anaamka, anafanya kazi, akiulizwa anajibu. Mwanao yupo, na habari zake nitakupa kwa utaratibu, maana ndiye aliyenikalisha hapa na kalamu, mimi niliyezoea chaki ya kitambaa.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Lakini simu ya nyumba hii unaijua. Mama haisikii mpaka aweke sauti ya wote, na ikishawekwa sauti ya wote hata mteja aliyekuja kupimwa kiuno anachangia mazungumzo. Na wewe huko uko katikati ya misumeno, kila neno lazima urudiwe mara mbili. Ninayotaka kukuambia hayafai kusemwa kwa kelele. Ukiipokea kiwandani, itie mfukoni, uisome ukifika chumbani umeshakaa.

Ombi lako nimelipata. Umeniomba nikusimamie kwenye kikao cha kituo cha afya, niwe shahidi wa yale uliyoyaandika kwenye malalamiko yako: kwamba mkunga aliiharibu kadi ya damu ya mtoto, na kwamba alipokwisha kuiharibu hakurudi tena. Mkeo alinisomea nakala yote, neno kwa neno. Maneno ni makali, na najua yametoka kwenye kidonda. Kwenye kikao nitakwenda. Lakini usinishukuru bado, soma kwanza mpaka mwisho.

Nianze na mtoto. Kila asubuhi, kabla hajanyonya, mkeo anasaga kidonge kati ya vijiko viwili. Kidonge chenyewe ni kidogo, kikianguka sakafuni kwetu utakidhani kifungo cha shati la mtoto. Anakichanganya na maziwa yake kidogo, anamtilia mtoto ndani ya shavu, kisha sote tunanyamaza mpaka tuone koo limepanda na kushuka. Mama wakati huo hutazama ukutani. Mtoto akishameza, cherehani zinaanza.

Daktari hakutudanganya. Haya uliyasikia kwa simu vipande vipande, acha niyaunganishe. Alisema kuna kitezi shingoni ambacho kazi yake ni kuuambia mwili ukue na akili ichangamke, na cha mwanao hakikufanya kazi tangu tumboni. Dawa inaziba pengo hilo. Mtoto akianzishiwa dawa katika wiki zake za mwanzo hukua kama wenzake, akaenda shule, akagombana, akaolewa, na hakuna atakayejua. Wa kwetu amecheleweshwa miezi. Mwili utafuata, alisema daktari. Akili nayo itafuata, lakini itafika wapi hawezi kuahidi, kwa sababu kilichokosekana wakati ule hakirudishwi chote. Mkeo akamuuliza kama mtoto atakaa, kama atasema, kama atasoma. Daktari akamjibu kwamba kukaa atakaa, na kusema anatumaini atasema, na kwamba maswali ya shule tusiyaulize siku ile. Mkeo akakunja khanga ya mtoto mara nne, akaikunjua, akaikunja tena. Sikuwahi kuona mikono yenye uchungu kama ile.

Sasa nikurudishe nyuma kidogo, maana hukuwepo, na malalamiko yako yamemwandika mkunga kama mpita njia aliyegonga mlango akaondoka. Haikuwa hivyo. Bi Mizani, kama mtaa mzima unavyomwita kwa ile mizani yake ya kuning'iniza anayotembea nayo begani, alikaa na mkeo tangu uchungu wa kwanza. Tuliondoa vitambaa kwenye meza ya kukatia, akapanga vifaa vyake hapo juu ya shuka jeupe. Mama, unamjua, akataka kulikagua fundo la kitovu, akasema fundo la kitabibu na la kishonaji yote ni mafundo. Bi Mizani akamwachia atazame, akamwambia kama lina kasoro aseme. Mama akatazama kwa miwani, akakubali limekaza.

Baada ya hapo Bi Mizani hakuridhika kumfuta mtoto na kumvika tu. Alimhesabia pumzi. Alimsikiliza kifua mbele na mgongoni. Akambana kidole cha mguu kwa kibano chenye taa nyekundu, ajue kama damu inabeba hewa ya kutosha na moyo hauna tundu. Mama akauliza anapima mtoto au anatafuta stesheni ya redio. Tulicheka sana, mkeo naye akacheka huku anashika tumbo. Nakueleza haya ujue kwamba mwanamke yule hakuwa na haraka na mtoto wako hata kidogo.

Baada ya siku chache alirudi kwa ajili ya kisigino. Alitueleza kwamba yapo maradhi ambayo mtoto huzaliwa nayo na kwa macho huyaoni, mtoto anaonekana mzima kama wengine, na wa hospitali huchukuliwa damu palepale wodini, ila wa nyumbani husahaulika, kwa hiyo yeye huwafuata walipo. Akampasha mtoto mguu kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, akamtoboa kidogo, akajaza damu kwenye miduara ya kadi, tone kwa tone. Mtoto alitoa sauti ndogo yenye mkwaruzo, akanyamaza. Mama akasema huyu jasiri, baba yake alipochomwa sindano alipiga kelele mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba.

Kadi ile inatakiwa ikauke yenyewe ndipo ifungwe, na hapohapo Bi Mizani akaitwa kwa mwanamke mwingine aliyeshikwa na uchungu. Akailaza kadi juu ya roli mbili tupu za uzi, hewa ipite chini na juu, pale mezani. Akasema ikauke polepole, isianikwe juani, isifunikwe, asubuhi atapita kuichukua. Mimi nilimsikia vizuri. Mama alikuwa anakanyaga cherehani, na cherehani yake ile unajua inavyonguruma.

Baada ya hapo ikaanza raha, Kifungo, na mpaka leo raha ile naionea aibu. Mwanao alikuwa halii. Ukimlaza, analala. Ukimvua, amelala. Ilibidi mkeo amguseguse shavu ndipo anyonye, na katikati ya kunyonya anasinzia tena. Wanawake waliokuja kuleta vitambaa wakamsifu, wakasema wao wa kwao huwakesha, huyu wa kwetu ni zawadi. Mama akampa jina la Hariri, kwa ulaini wake na utulivu wake. Mkeo aliponiuliza mbona ngozi ya mtoto ni ya baridi hata mchana wa jua, nilimwambia watoto wote wako hivyo. Mimi, ambaye sijazaa, nikamfundisha aliyezaa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na sisi tulikaa na kimya kile mezani petu, tunakata sare za shule na kukifurahia.

Aliyetushtua, miezi ikiwa imeshapita, ni muuguzi wa chanjo. Alimvua mtoto apime uzito, akamtazama kitovu kilivyotokeza na ulimi ulivyojaa kinywani, akauliza kama mtoto huyu hulia. Mkeo akajibu kwa fahari kwamba halii kabisa, hasumbui. Muuguzi hakutabasamu. Siku ileile tukawa hospitali, na mengine unayajua.

Ndipo ukaandika. Na barua yako imefanya kazi, kama ulitaka kujua. Bi Mizani amesimamishwa mpaka kikao kikae. Mkoba wameuchukua, mizani wameichukua. Mke wa fundi baiskeli, tumbo limeshashuka, anauliza kila mtu nani atamzalisha, na kila mtu anatazama pembeni. Mtaa wa nyuma wamezaliwa watoto, wameoshwa, wamevikwa, wamesifiwa, na hakuna aliyewagusa kisigino. Labda wote ni wazima. Nikipita pale nikasikia kilio cha kichanga, nashukuru. Nisiposikia, nasimama mpaka nisikie.

Sasa nikupe la kwanza kati ya mawili.

Tangu tuliporudi kutoka hospitali, mama hajagusa pasi. Mwanzo nilidhani ni bega lake. Nguo zikaanza kutoka dukani na mikunjo, wateja wakawa wananitazama mimi, maana nani angemtazama mama. Nikashika pasi mwenyewe, na kila nikiichomeka yeye anaondoka chumbani. Juzi nilikuwa napiga pasi suruali ya mwalimu, nikamuuliza bila kumtazama kama ana ugomvi na pasi. Alikaa kitako juu ya marobota, akasema:

“Ile kadi niliipiga pasi. Nilitandika kitambaa chini na juu, nikaweka moto wa hariri. Nilitaka aikute imenyooka.”

Asubuhi ile kulikuwa na mawingu. Kadi ilikuwa bado na unyevu na pembe zimejikunja, na mkunga yuko njiani. Mama akaona aibu mtu aje akute kitu cha nyumba yetu kimekunjamana. Umeshamwona mama akikiacha kitu kimekunjamana? Alizipiga pasi ripoti zako za shule. Aliipiga pasi barua ya kukuita kazini, ndiyo maana muhuri wake ulififia ukahangaika nao mpakani. Hakuna nyumba nyingine ambako balaa hili lingetokea, ila ya mama yako. Joto linaua kile kinachotafutwa ndani ya damu. Maabara wakaikataa kadi, wakaandika kwamba haifai, mtoto achukuliwe nyingine. Na mama aliposikia imekataliwa, moyo wake ulijua.

Usimkasirikie. Au mkasirikie kidogo, kisha uache, kwa sababu kosa hilo lilikuwa na dawa. Kadi moja ikiharibika, huchukuliwa ya pili, mtoto analia kidogo, basi. Kama ya pili ingechukuliwa siku ile, Hariri angeanza kidonge chake akiwa bado wa wiki chache, na mimi leo ningekuwa nakuandikia habari za meno.

La pili ndilo zito, na nimelizungukazunguka kurasa zote hizi kama mtu anayetafuta tundu la sindano kwenye mwanga hafifu. Mkunga alirudi, Kifungo.

Alirudi mchana, na mkoba wake begani. Mkeo alikuwa chumba cha ndani na homa ya maziwa, amelala na mtoto. Bi Mizani akamweleza mama pale mlangoni kwamba kadi imekataliwa na anaomba arudie, ni dakika chache tu. Mama akababaika. Sasa najua kwa nini, wakati ule sikujua. Akasema mwenye mtoto ni baba yake, aulizwe baba yake. Akakupigia. Akaweka sauti ya wote.

Najua umelisahau. Ulimi hauna mfupa, na aliyetoa utani huusahau haraka. Misumeno ilikuwa inanguruma nyuma yako. Mama akakuambia wanataka kumtoboa mtoto tena kwa sababu ile ya kwanza imeharibika. Ukauliza mtoto ana ugonjwa gani. Mama akasema hana, analala vizuri, hasumbui. Ukacheka, ukasema:

“Mwambie huyo mkunga mwanangu si kimto cha sindano. Akatoboe wake.”

Tulicheka. Mama alicheka kwa sababu umemwokoa. Mimi nilicheka kwa sababu ulikuwa umechekesha, nilikuwa na pini mdomoni ikabidi nizitoe moja moja nisije nikazimeza nikaitwa Pini kama wewe ulivyomeza kifungo ukaitwa Kifungo. Bi Mizani alikuwa amesimama kizingitini, amesikia kila neno. Hakucheka. Alimsihi mama amwambie mama mtoto ampeleke kituoni mara atakapopata nafuu, hata ikipita wiki, asiache. Mama akaitikia. Hakumwambia. Mimi nilidhani amemwambia, na kusema kweli sikufikiri sana, nilikuwa na sare za kumaliza. Ndiyo hali yenyewe, hakukuwa na mtu mbaya chumbani siku ile.

Kisha pale hospitali, daktari alipouliza kama mtoto hakupimwa alipozaliwa, mkeo akamgeukia mama akamuuliza kama mkunga hakurudi. Mama akafungua kinywa. Nilimwona. Aliona jina lako linakuja ulimini, akalimeza, akasema hakurudi. Mimi nilikuwa nimeshika khanga ya mtoto, nikatazama sakafu. Hapo ndipo malalamiko yako yalipoanzia. Wewe umejenga, lakini tofali tumekupa sisi.

Jana nilikwenda kwa Bi Mizani, nimtazame usoni mtu ninayeombwa nimshuhudie vibaya. Nilimkuta anafua taulo zilezile za kazi, ambazo sasa hazina kazi. Kabla hajaniuliza nimefuata nini aliniuliza mtoto ananyonyaje, na kama sauti imeanza kutoka. Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia wakubwa wake maneno aliyoyasikia mlangoni kwetu. Akasema amewaambia alirudi na familia haikuwa tayari, inatosha. Nikasema haitoshi, kwa sababu familia yenyewe imekana. Akakamua taulo mpaka likaisha maji, akasema:

“Yule ni baba aliye mbali. Neno alilolisema akicheka, nisimrudishie akiwa analia.”

Akaongeza kwamba yeye naye ana lake la kujilaumu, kwamba angetakiwa angoje pale mlangoni mpaka mama mtoto aamke, au arudi hata mara ya tatu, na kwamba alijisikia vibaya kuchekwa, akaondoka. Mtu anayeshtakiwa kwa uongo ananipa mimi kosa lake la kweli bila kuombwa! Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikapitiliza duka letu bila kuliona.

Nikamkalisha mama. Nikamwambia yote yatasemwa kikaoni. Alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Alisema la pasi atalisema mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya mkeo na mbele ya hao wakubwa, na wamfanye watakavyo. Lakini la simu akanishika mkono, akaniomba nisiliguse. Akasema sisi huku tuna kila mmoja bega la kulilia, na wewe huko una chumba kimoja na wanaume usiojua lugha zao vizuri, ukianguka nani atakuokota. Alilia kama mtoto, mama yetu yule ambaye hata baba alipozikwa alikuwa anahesabu viti.

Nilitamani kumkubalia. Naandika kweli, nilitamani sana. Lakini ukiliondoa la simu, mkunga hakurudi. Hilo ndilo linabaki, na Bi Mizani atalibeba mpaka kaburini, na wanawake wa mtaa huu watazaa peke yao kwa sababu yetu. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sisi tumekaa tunamtazama akiubeba, tunasema mwepesi. Sitaweza, mdogo wangu. Nikisimama pale nitasema pasi na nitasema simu na nitasema kicheko changu.

Ila nakuomba unitangulie. Kikao hakijakaa bado, barua hii itakufikia kabla. Waandikie kwa mkono wako mwenyewe kwamba malalamiko umeyaondoa na kwa nini. Na kabla ya wao kujua, mkeo ajue, na ajue kwako, si kwangu wala kwa mama. Piga simu jioni, useme unataka kuzungumza na mama mtoto. Nitampelekea simu chumba cha ndani, nitafunga mlango, na mama nitamtoa nje hata kwa kumsukuma. Mwambie kama ulivyosema, usipunguze. Huenda akanyamaza muda mrefu. Mwache anyamaze, usikate simu. Huenda akasema maneno ambayo hutayasahau. Yapokee, ni yako. Yeye amekuwa akijilaumu kila asubuhi na vijiko vyake viwili, anadhani ni maziwa yake, ni kulala kwake, ni homa ile. Hajui kwamba mlango uligongwa akiwa amelala. Mficha uchi hazai, na sisi tumeficha mbele ya mtu aliyekwisha kuzaa, akateseka mara mbili.

Sikuandikii kukuhukumu. Nani wa kukuhukumu, mimi na pini zangu? Ulikuwa baba wa wiki mbili, uko mbali, umeambiwa mtoto halii. Ungesema nini zaidi ya kufurahi. Sote tulimpenda kwa sababu hakutusumbua, na hilo ndilo linalonitoa machozi ninapoandika, kwamba tulimsifu kwa ugonjwa wake. Sina la kukufariji. Ninachokuomba tu, usimeze hili kama ulivyomeza kile kifungo, ukakaa nalo kimya siku nzima mpaka tumbo likakusaliti. Toa.

Mama anakusalimu, hajui nimeandika nini ila anajua ninaandika, amenipitia mara tatu akijifanya anatafuta mkasi. Mkeo anakusalimu, anasema soksi za sufi zimefika kwa wanaosafiri mwisho wa mwezi. Mke wa fundi baiskeli anakusalimu, anasema umwombee. Bi Mizani sikumwomba salamu, ila nilipoondoka alisema nikuandikie uendelee kumsemesha mtoto kwenye simu hata kama hajibu.

Na mwanao anakusalimu mwenyewe. Leo asubuhi, kabla ya kidonge, alilia. Si ule mkwaruzo wake, alilia kwa njaa, kwa hasira, uso mwekundu na ngumi juu, mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Mkeo alikuwa na vijiko mkononi, mama alikuwa na nyuzi, mimi nilikuwa nimeshika mlango. Hakuna aliyekwenda kumbembeleza upesi. Tulisimama sote watatu, tukamwacha atusumbue.

Ni mimi dada yako, ambaye bado nakupenda,

Mshona sare